Ufa kwenye saa ya marehemu: Je, tuna haki ya kumjua aliyevunja?



Marehemu baba yangu hakuacha mali nyingi. Aliacha nyumba ya vyumba vitatu, ambayo tuligawana kwa mujibu wa mirathi, aliacha Msahafu uliochakaa jalada, na aliacha saa ya mkononi aina ya Seiko 5. Ndugu zangu waliridhia saa hiyo niichukue mimi kwa sababu, walisema, mimi ndiye niliyefuata kazi yake ya kusomesha. Baba alikuwa akisomesha madrasa na kuadhini katika msikiti wa mtaani kwetu, Temeke. Kabla simu za mkononi hazijaingia katika kila mfuko, saa ile ndiyo iliyokuwa saa ya mtaa. Kila jioni aliilinganisha na mlio wa saa wa Radio Tanzania. Ramadhani ilipofika, sisi watoto tulikaa mbele ya sahani za futari tukiutazama mkono wake wa kushoto. Alipouinua karibu na macho, nasi tuliinua tende.

Alifariki mwaka 2017, Allah amrehemu. Tangu hapo saa ile naivaa siku za Idd mbili na katika nikaha za ndugu wa karibu tu. Siku nyingine zote hukaa ndani ya kiboksi chake, kwenye droo ya juu ya kabati, chumbani kwetu.

Siku mbili kabla ya Idd el-Hajj ya mwaka 2024, baada ya swala ya Alfajiri, niliitoa ili niifute vumbi. Kioo kilikuwa na ufa. Ulianzia pembeni, usawa wa saa kumi, ukakata katikati hadi ng'ambo ya pili. Ndani ya kioo kulikuwa na ukungu mwembamba kama wa pumzi ya mtu, na mishale yote ilikuwa imesimama.

Nilikaa kitandani nayo mkononi. Mara ya mwisho kuivaa ilikuwa Idd el-Fitri, yapata miezi miwili nyuma. Niliirudisha mwenyewe kwenye kiboksi, nami nilikuwa na hakika kabisa kuwa ilikuwa nzima. Naomba ndugu msomaji ulikumbuke neno hilo "hakika kabisa", maana tutalirudia.

Katika miezi ile miwili nyumba yetu ilikuwa na watu hawa: mimi na mke wangu, watoto wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine minne, na binti wa miaka kumi na tisa kutoka Korogwe anayetusaidia kazi za nyumbani. Mpwa wangu wa chuo alilala kwetu wiki nzima. Walikuja pia shangazi zangu wawili na wageni wa siku moja moja, ambao walivulia mabaibui yao na kuwalaza watoto wao katika chumba kile kile. Ukihesabu vizuri, mikono iliyopita karibu na droo ile haikupungua kumi na tano.

Sikuhesabu. Akili yangu ilikwenda moja kwa moja kwa yule binti.

Sikumwita mwizi, wala sikumgombeza. Mimi ni mwalimu wa dini bwana, nina adabu zangu! Nilichofanya ni kuwakusanya watu wa nyumbani sebuleni, nikaiweka saa mezani, nikauliza, "Nani alifungua droo hii?" Niliwauliza wote, lakini macho yangu yalikuwa kwake. Watoto waliliona hilo. Mke wangu aliliona. Naye mwenyewe aliliona kabla ya wote. Akajibu kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mimi chumba chenu nafagia tu. Kama hamniamini nileteeni Msahafu niape." Nikamwambia haina haja ya kufika huko. Sikumwambia kuwa namwamini.

Usiku nikamuuliza mke wangu kama amewahi kukagua begi la yule binti. Mke wangu akanitazama. "Baba Swabra, saa imepasuka, haijaibiwa. Unataka nikakague begi nitafute nini?" Sikuwa na jibu.

Kabla ya hapo, binti yule alikuwa na kawaida ya kuimba kaswida anapofua. Siku ile hakuimba, wala iliyofuata. Baada ya Idd aliomba ruhusa ya kwenda kwao kusalimia. Begi alilobeba lilikuwa lile lile alilokuja nalo, na lilikuwa limejaa.

Ndugu msomaji, swali ninalotaka tulitafakari wiki hii ni dogo kwa umbo. Kitu chako kinapoharibika bila kujulikana kilichotokea, wewe mwenye kitu unastahili nini? Kurekebishiwa? Kulipwa? Au kupewa jina la mtu wa kulaumiwa? Sisi wengi tunavichanganya vitu hivi vitatu, na hili la tatu ndilo tunalolikimbilia kwanza.

Wiki ile ile, kwa mpango wa ratiba tu, nilikuwa nikifundisha Surat al-Hujurat katika kidato cha pili. Katika aya ya 12 Mwenyezi Mungu (SWT) anawaamrisha walioamini wajiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi, kisha anakataza kupelelezana na kusengenyana. Mwanafunzi mmoja wa kike akanyoosha mkono. "Ustadhi, je, dhana ikija kuwa kweli, bado ni dhambi?"

Ni swali zuri kuliko majibu mengi niliyowahi kutoa darasani. Nilimjibu kwa kufuata tulivyosomeshwa: kwamba aya imesema baadhi, haikusema yote, kwamba dhana inayosimama juu ya dalili si sawa na dhana inayosimama juu ya mtu, na kwamba mwenye kumdhania mwenziwe bila dalili amekosea hata kama baadaye itagundulika kuwa aliyemdhania ndiye. Wakati natamka maneno hayo nilikuwa naiona sebule ya nyumbani kwangu. Dalili gani niliyokuwa nayo juu ya binti yule? Kwamba anafagia chumba. Kwamba hana baba yake hapa mjini wa kunijia juu. Shangazi zangu pia waliingia chumba kile, lakini ni nani mwenye ubavu wa kumwuliza shangazi yake kuhusu droo? Dhana ni kama maji ya mvua za masika, hutelemkia bondeni. Mkubwa hadhaniwi wala tajiri hadhaniwi, na mtoto wetu wa kumzaa tunamwita mtundu tu. Anabaki yule ambaye kumdhania hakuna gharama.

Mtu ataniuliza, kwa hiyo Uislamu unatuambia tufumbe macho, watu wavunje vitu vyetu nasi tuseme alhamdulillah? La hasha. Isomeni Surat Yusuf. Katika nyumba ya yule mheshimiwa wa Misri zilikutana kauli mbili: kauli ya bibi mwenye nyumba na kauli ya kijana aliyenunuliwa. Yusuf (AS) katika nyumba ile alikuwa nani kama si mtumishi wa ndani? Lau jambo lingeamuliwa kwa hadhi za watu, lisingechukua hata dakika moja. Lakini alisimama shahidi kutoka katika jamaa wa yule bibi mwenyewe, akasema itazamwe kanzu. Ikiwa imechanika mbele, bibi amesema kweli. Ikiwa imechanika nyuma, kijana ndiye mkweli. Ikatazamwa, ikaonekana imechanika nyuma. Uharibifu uliokuwa katika nguo ndio uliomsafisha mtumishi. Na katika sura hiyo hiyo, mwanzoni, ndugu zake walimletea baba yao kanzu yenye damu ya uongo, na wafasiri wanaeleza kuwa Yaaqub (AS) alitanabahi kwa sababu kanzu haikuwa na hata tundu moja la jino la mbwamwitu.

Kwa hiyo Qur'ani haikukataza kuchunguza. Inatufundisha tukihoji kilichoharibika kabla ya kumhoji mnyonge. (Na tusisahau kwamba Yusuf, pamoja na ushahidi wote ule, alifungwa jela. Aya ya 35 iko wazi. Watu wanaweza kuziona dalili na bado wakaona nafuu mtumishi ndiye aondoke.)

Basi nami, kwa kuchelewa, nikaamua kuihoji saa. Niliipeleka Kariakoo kwa fundi mmoja mzee anayekaa barazani na kimeza chake cha vioo. Akavaa lenzi jichoni, akaigeuza geuza, kisha akaitikisa mara tatu nne. Mshale wa sekunde ukaanza kutembea!

"Ustadhi, hii ni otomatiki," akaniambia kama anayemsomesha mtoto. "Ndani kuna chuma kinachozunguka, kinajaza kamani kila ukitembeza mkono. Ukiivua, siku mbili hazipiti imesimama. Haikusimama kwa sababu ya ufa." Jambo hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni! Baba alituambia mara ngapi kuwa saa yake inakula mwendo wake. Lakini asubuhi ile kusimama kwa mishale nilikuhesabu kuwa ushahidi wa kwamba imepigwa chini. Hasira ilikuwa imeniondolea hata elimu niliyokuwa nayo.

Akaendelea. Pembeni ya kioo, pale ufa ulipoanzia, kulikuwa na pengo dogo, si kubwa kuliko punje ya mchanga, na ndani ya pengo kulikuwa na uchafu mweusi uliogandamana. Maana yake kioo kilimeguka pale zamani, na ufa ukaja baadaye. Mpira unaozuia maji ulikuwa umekauka na kuwa mgumu, kwa hiyo unyevu wa Dar es Salaam uliingia wenyewe bila kusukumwa na mtu. Nikamuuliza, basi ni nini hasa kilichokipasua? Akasema huenda ni joto, huenda ni kugongwa kidogo, huenda droo ilifungwa kwa nguvu. "Kioo kilichomeguka kinaweza kukaa miaka kikapasuka siku ambayo hakuna aliyekigusa. Saa hii ina majeraha ya watu wengi, Ustadhi, akiwemo marehemu." Nilitaka aniambie moja. Akakataa. Fundi wa barazani alikuwa na hadhari katika kutoa hukumu kuliko mimi mwenye shahada.

Njiani kurudi nikajaribu kujitetea kwa fiqhi. Wasomi wenzangu wataikumbuka kanuni iliyomo katika Majalla ya dola ya Uthmaniya, iliyokamilika mwaka 1876, kwamba jambo jipya asili yake ni kunasibishwa na wakati ulio karibu zaidi. Nikajiambia, kama ni hivyo, basi ufa ni wa siku za karibuni, na siku za karibuni aliyekuwa akishinda nyumbani ni yule binti. Lakini katika kitabu hicho hicho, kabla ya kanuni hiyo, imetangulia nyingine: asili ya mtu ni kutokuwa na dhima. Na imetangulia nyingine kabla yake, maarufu zaidi, kwamba yakini haiondolewi na shaka. Sasa yakini yangu ilikuwa ipi? Aliyekuwa wa mwisho kuishika saa ile, kwa yakini isiyo na shaka, alikuwa mimi.

Hapo ndipo nikaikumbuka vizuri siku ya Idd el-Fitri. Nilipotia udhu msikitini niliivua saa, nikaitia katika mfuko wa kanzu. Palikuwa na msongamano na ukuta wa birika ulikuwa karibu. Jioni niliporudi nilikuwa nimechoka, umeme ulikuwa umekatika, nikaitia saa katika kiboksi gizani. Ile "hakika kabisa" yangu ilikuwa imetengenezwa baadaye, baada ya kuuona ufa. Katika Surat an-Nisaa, kuanzia aya ya 105, wafasiri wanataja kisa cha deraya iliyoibiwa Madina, ambapo jamaa za mtu mmoja walitaka lawama imwangukie Yahudi asiyehusika. Zikateremka aya kumsafisha yule asiye wa ukoo wao wala wa dini yao, na aya ya 112 ikatoa onyo kwa anayefanya kosa kisha akamtupia asiye na hatia. Nilikuwa nimezoea kukisomesha kisa hiki kama habari ya watu wabaya wa zamani.

Tuseme basi kwamba ni kweli binti yule aliidondosha wakati anafuta vumbi. Ingekuwaje? Wanazuoni wengi wanasema mfanyakazi aliyekabidhiwa nyumba mkono wake ni mkono wa amana, halipi kilichoharibika isipokuwa akivuka mpaka au akizembea. Sheria ya nchi yetu, ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, nayo hairuhusu mshahara ukatwe kwa ajili ya uharibifu mpaka iwe ni kosa la mfanyakazi na apewe nafasi ya kujitetea. Na juu ya sheria zote kuna mwenendo wa Mtume (SAW). Anas bin Malik (RA) alimtumikia miaka kumi, naye amesimulia kwamba hakuwahi kuambiwa kwa nini umefanya hiki, wala kwa nini hukufanya kile. Na pale mmoja wa wake zake alipoipiga sahani iliyoletwa na chakula kutoka nyumba ya mke mwingine ikavunjika, aliyevunja alikuwa anajulikana na watu wanaona. Mtume (SAW) aliokota vipande, akakusanya chakula, akawaambia waliokuwepo kuwa mama yenu ameona wivu, akapeleka sahani nzima mahali pa iliyovunjika. Fidia ilitolewa, na aliyevunja hakuaibishwa.

Kwa hiyo hata kama ningelipata jina, nisingekuwa na cha kulifanyia. Fedha nisingechukua, na adhabu nisingetoa. Nilichokuwa natafuta kilikuwa ni mahali pa kuitua huzuni yangu. Saa ya baba imepasuka, na baba hayupo kuitengeneza; ni nafuu kuwa na mtu wa kukasirikia.

Jirani yangu mmoja, mtu mwema kabisa, aliposikia akanishauri tusome Halbadiri. "Aliyevunja atajitokeza mwenyewe," akasema. Mada ya Halbadiri ina wenyewe na leo siiingilii, wasije wakanijaza barua. Nilimuuliza jambo moja tu: tukisoma, halafu aliyevunja akawa mwanangu wa miaka minne? Au nikawa mimi? Alinyamaza, akasema basi tusome kidogo!

Kila Ijumaa wengi wetu tunasoma Surat al-Kahf, nasi tunapofika katika kisa cha Musa (AS) na yule mja mwema, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Khidhri, tunajiona tuko upande wa Musa. Tunaona jahazi linatobolewa, tunashangaa pamoja naye, na mwisho tunaelezwa pamoja naye: kulikuwa na mfalme anayepora kila jahazi. Moyo unatulia. Lakini wale masikini wenye jahazi je? Qur'ani haitaji kwamba waliambiwa. Tuwafikirie siku ile. Wamekwenda kazini baharini wamekuta ubao umetolewa. Huenda waliulizana, huenda walimtazama vibaya kijana wa kazi. Kisha ilibidi wazibe tundu waendelee na riziki zao. Katika mambo mengi ya maisha yetu sisi si Musa. Sisi ni wenye jahazi, na maelezo hayatufikii.

Simaanishi kwamba saa yangu ilipasuliwa kwa hekima ya siri, wala sipendi mtindo wa kumsingizia Mwenyezi Mungu uzembe wetu. Aliyezembea na ajirekebishe, nami nimeshautoa mpira uliokauka. Nasema tu kwamba kutojua ni hali halali ya Muislamu kukaa nayo. Anaweza kuzika, kurithi, kuswali na kulala akiwa hajui.

Kioo kipya fundi alikiweka siku ile ile. Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Nilimpigia simu binti nikamtaka radhi. Akasema, "Mimi nilishakusamehe Mwalimu. Lakini mama ameshaambiwa na watu." Waliomwona akishuka na begi lililojaa walikuwa wameuliza, na jibu lilikuwa limezunguka kijiji kizima: ameondolewa Dar es Salaam kwa ajili ya saa ya bosi wake. Neno langu la simu halikuweza kufika lilikofika neno lile.

Nikapanda basi kwenda Korogwe. Nauli ya kwenda na kurudi ilizidi gharama ya kioo. Nilikaribishwa ukumbini, juu ya mkeka, na majirani wawili wakaja kukaa bila kuitwa, jambo ambalo nililifurahia kwa kuwa hao hasa ndio niliowafuata. Nikasema mbele yao kwamba binti huyu hakuvunja kitu wala hakuchukua kitu, kwamba nilimdhania bila dalili, na kwamba kosa ni langu. Nikamtaka radhi mama yake.

Yule mama, mtu mzima aliyejifunga kanga na kushika tasbihi, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo, Mwalimu, hiyo saa nani aliyeivunja?"

"Sijui, mama," nikamwambia.

Alinitazama kwa muda. Halafu akamwita binti yake alete maji ya kunawa, chakula kilikuwa tayari.